Tuzo Gani, Mwalimu?

Watu wote wa jengo letu walimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha kitu. Walinzi wa getini, wasukuma mikokoteni, mama anayeuza magwinya, maandazi ya huku, pale nje, wote ilikuwa Mwalimu kapita, Mwalimu kasema, hebu mwulize Mwalimu. Wachina wenye maduka walimwita Laoshi, na kwao maana ni hiyohiyo. Mimi, mwanamke wa cherehani, waliniita Fundi. Sina ugomvi na jina hilo, ni la halali, nimelitolea jasho. Ila mafundi ndani ya jengo lile tulikuwa saba, na mwalimu alikuwa mmoja.

Nimeanza na hilo ili anayesoma ajue anasoma maneno ya nani. Nilimwonea wivu kwa miaka tisa. Tangu azikwe watu wananijia kunipa pole, wananiita rafiki yake wa karibu, nami naipokea pole kwa sababu ni kweli nalia. Lakini machozi yangu hayako safi, na sitaki kuyaonyesha kana kwamba ni safi. Nimesoma mpaka darasa la sita, kwetu Uvira. Kuficha jambo kwenye karatasi kunahitaji shule zaidi ya hiyo.

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Hayo watu wa kwao wa Tanga waliyasema msibani, na waliyajua. Mimi nitasema niliyoyaona na kuyasikia nikiwa chini ya ngazi.

Jengo letu ni la maduka ya jumla, upande ule wa mji ambako karibu kila duka ni la Mchina: viatu, mabegi, maua ya plastiki, sufuria. Cherehani yangu iko chini ya ngazi za kupandia ghorofani. Juu ya ngazi hizo kuna stoo ya Mama Lin, Mchina wa mablanketi, na ndani ya stoo hiyo, Jumanne na Alhamisi, saa moja asubuhi kabla wateja hawajafunguliwa, Mwalimu aliwafundisha Wachina Kiingereza. Walikuwa kumi, siku nyingine kumi na wawili. Walikaa juu ya marobota ya mablanketi. Ubao ulikuwa mlango wa kabati la zamani uliopakwa rangi nyeusi. Ngazi zile ni za chuma na zina mianya, kila neno lilinidondokea kama vumbi. Kiingereza changu chote nilikiokota hapo, bila ada, kichwa kimeinamia pindo la suruali ya mtu.

Alikuwa mkali wa saa, na mwenyewe alichelewa kila siku. Wote wawili tulikaa Joubert Park, majengo yanatazamana, lakini mimi nilipanda teksi na yeye alitembea kwa miguu. Alisema madereva wa teksi wanaendesha kama watu waliokwisha kuaga nyumbani. Basi alitembea, mtandio kichwani na mfuko wa vitabu begani, akisimama kwenye kila robot, taa za barabarani, hata kama barabara ni tupu, akimsalimia kila aliyemsalimia, akifika saa moja na dakika ishirini. Wachina walikuwa wamekaa tangu saa moja kasoro, madaftari magotini. Aliingia, akawatazama, akawauliza mbona wamekaa kama watu wanaosubiri basi. Walisimama. Walimwomba radhi. Mimi nikichelewesha suruali nusu saa, mteja ananitukania mama yangu kwa lugha tatu.

Sifa hakuzitoa. Aliyefanya vizuri kabisa aliambiwa si vibaya, tena kwa Kiswahili, hata awe Mchina. Wao wakadhani ndilo neno letu la furaha kubwa. Mpaka leo ukimpelekea Mama Lin koti lililomkaa sawasawa atakwambia sivibaya, kwa pumzi moja, na uso wote unacheka.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo sijaiona kwingine, nami niliichukia kwa sababu nilikuwa ndani yake. Mwanafunzi akishajua maneno ya kutosha, Mwalimu alimtuma ashuke ngazi, aje kwangu, anunue uzi kwa Kiingereza. Masharti: asionyeshe kwa kidole, asitumie simu, asitaje bei kabla hajauliza. Yeye alisimama juu, mkono kwenye chuma, anasikiliza. Mchina anakuja kwangu anatoka jasho kama mtu aliyeitwa mahakamani, anasema anataka uzi wa buluu, si huo, ule wenye giza kidogo. Nami nilitakiwa nisimsaidie. Akipatia, kule juu wenzake walipiga makofi. Niliuza uzi mwingi ambao hakuna aliyeuhitaji. Lakini makofi hayakunihusu. Hakuna anayempigia ubao makofi.

Na kuna jambo ambalo hakuna anayelikumbuka ila mimi. Kabla Mwalimu hajaja katika jengo lile, Mama Lin alikuwa anashuka kukaa na mimi, naye hajui neno hata moja. Nilimwonyesha sindano nikamtajia sindano. Nilimwonyesha mkasi. Nilimfundisha kusema subiri, njoo kesho, hakuna, asante. Kiingereza changu chenyewe kilikuwa cha kuombaomba, lakini nilichokuwa nacho nilimpa. Maneno ya kwanza ya Mama Lin katika nchi hii yalikuwa yangu. Kisha Mwalimu akaja na mlango wake mweusi, na Mama Lin akapanda juu.

Baada ya darasa Mwalimu alishuka kwangu kunywa chai. Alikuwa mgonjwa wa sukari na aliweka vijiko vinne. Alidai sukari ya mtu mwingine haimdhuru. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akanirekebisha Kiswahili. Nikisema watu mingi, ananiuliza ni watu wa ngeli gani hao.

"Nyie Wakongomani mmekipakia Kiswahili kwenye lori," aliniambia mara moja, "kikafika kimevunjika miguu."

"Na nyie mmekifungia kabatini," nikamjibu. "Kina miguu yote lakini hakitembei."

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa cha mteja. Ndivyo tulivyokuwa. Sitaki mtu afikiri kwamba wivu hukaa peke yake ndani ya moyo. Unakaa na vitu vingine, kama mpangaji. Mwanamke huyohuyo ndiye aliyenisomea barua zangu zote za ukimbizi, akanisindikiza ofisini alfajiri zaidi ya mara nne, akasimama dirishani akasema kwa niaba yangu, taratibu, bila kuinua sauti, mpaka yule wa ndani akaanza kumwita madam. Nilitoka pale na karatasi yangu mkononi, na badala ya kushukuru nilikuwa nafikiri: mimi wananiita wewe.

Sasa nije kwenye neno la Kiingereza lililoleta shida.

Mteja mkubwa wa Mama Lin alimpa zawadi ya chupa ya mvinyo. Ilikuwa na karatasi ya dhahabu ya mviringo, na chini yake maneno ambayo Mama Lin hakuyaelewa, akaileta darasani. Mwalimu alikuwa Mwislamu wa kweli. Aliizungushia mfuko wa plastiki kwanza, akaishika kwa mbali kama mtu anayeshika mtoto wa jirani aliyelowa. Kisha akasoma: award-winning. Akaliandika kwenye mlango mweusi. Akaeleza kwamba ni maneno mawili yaliyoshonwa yakawa kitambaa kimoja, nacho huvishwa kitu au mtu ambaye amepata tuzo. Mpaka siku hiyo wanafunzi wake walikuwa wanazunguka: mkulima ambaye alishinda tuzo, mgahawa ambao ulipewa tuzo. Sasa walipewa njia fupi, na Wachina wale walikuwa wafanyabiashara, njia fupi waliipenda. Nilisikia kule juu wanalirudia wote pamoja, na mimi huku chini midomo yangu inalifuata.

Lakini aliwawekea sharti. Kabla hujamvisha mtu neno hili, alisema, jibu maswali matatu. Nani alitoa tuzo? Lini? Mbele ya nani? Bila majibu hayo ni wizi, hata kama unamwibia mtu unayempenda ili umpe yeye mwenyewe. Tena hujivishi. Unavishwa.

Wiki hiyohiyo Mama Lin akaandika kwenye boksi, kwa kalamu nene, kwamba mablanketi yake ni award-winning, akaliweka mlangoni. Watu wakanunua. Alhamisi Mwalimu akaliona, akampeleka Mama Lin na boksi lake mpaka mbele ya darasa. Nani alilipatia blanketi hili tuzo? Mama Lin akajibu, mume wangu. Lini? Majira ya baridi yaliyopita, alilala vizuri sana. Mbele ya nani? Nikasikia sauti ndogo ya Mama Lin ikisema, mbele yangu.

Darasa zima lilianguka kwenye marobota. Mwalimu hakucheka. Alilichana boksi. Ila aliposhuka kwangu, akaishika cherehani kwa mikono miwili akacheka bila sauti, machozi yakimtoka, mpaka mlinzi akaja kuuliza, eish, mama ana nini.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliwakatalia watu kwa ukali kile ambacho moyoni kilimpendeza.

Mwaka uliofuata mtoto wa Mama Lin aliugua kifua, na Mama Lin akampeleka hospitali peke yake, akazungumza na daktari mwenyewe, tangu mlangoni mpaka dawa, bila mtu wa kumtafsiria. Mtoto akapona. Kwao wana desturi: mtu akikutendea jambo kubwa, daktari au mwalimu, mnamshonea kitambaa cha mahameli nyekundu, kirefu kama kanga iliyokunjwa, chenye pindo la nyuzi za manjano na maneno ya dhahabu, mnampelekea mbele ya watu akitundike ukutani. Wanafunzi wote wakachanga. Mama Lin akashuka kwangu na picha kwenye simu.

"Fundi, wewe shona," akaniambia. "Wewe tu."

Maandishi ya Kichina alinichorea kwenye karatasi. Chini yake walitaka Kiingereza: kwa mwalimu wetu, na kabla ya mwalimu, lile neno la chupa.

Nilikishona siku nne. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Herufi nilizikata kwa satini ya manjano, nikaweka kitambaa kigumu nyuma yake zisilegee, nikazishona kingo kwa mkono kwa sababu cherehani ingeacha alama kwenye mahameli. Na nilipokuwa nashona, herufi baada ya herufi, nilikuwa nahesabu. Nguo ngapi nimewashonea watu wa jengo hili? Sare za watoto wao, mapazia yao, gauni la harusi la mpwa wa Mama Lin lililofika kutoka China limepasuka kwapani, nililolitengeneza usiku kucha na hakuna aliyejua lilipasuka. Ni nani aliyewahi kuchanga kwa ajili yangu? Mwalimu alikuwa ana kalamu na mdomo. Mimi nina vidole ambavyo havinyooki tena asubuhi. Na heshima yake ndiyo hii hapa mapajani mwangu, na mimi ndiye ninayeipiga pindo.

Jumatano jioni Mama Lin alikuja kukichukua. Alikitandaza, akagusa herufi, akasema sivibaya, sivibaya. Akaniambia watakitoa kesho darasani, na yeye ndiye atakayesema hotuba. Nilikuwa nakikunja. Nikamwuliza kwa Kiingereza, Kiingereza kizuri, kile nilichokiokota kwenye ngazi za Mwalimu mwenyewe:

"Mama Lin, Mwalimu alipewa tuzo gani?"

Akanitazama. Nikaendelea. Nikamkumbusha yale maswali matatu. Nikamwambia hotuba bila majibu hayo haitampendeza Mwalimu, anamjua alivyo. Nilisema kwa upole. Nilisema kama mtu anayesaidia.

Sikusema uongo hata kidogo. Ndilo linaloniuma. Maisha yangu yote nimejisifu moyoni kwamba sisemi uongo, nikadhani mtu asiyesema uongo hawezi kuua.

Kesho yake niliwahi kazini. Nilisikia wanasimama, nikasikia kitambaa kinafunguliwa, na Mwalimu, kwa mara ya kwanza, hakumkosoa mtu. Nadhani alikuwa anakisoma. Kisha Mama Lin akaanza hotuba yake. Alikuwa ameikariri. Alisimulia hospitali, daktari, mtoto. Kisha akasema, kwa heshima yote, maana alitaka kuifanya vizuri kama alivyofundishwa, kwamba sasa wanamwomba Laoshi awaambie: nani alikupa tuzo, lini, na mbele ya nani, ili tulijaze neno hili.

Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali na sikuweza kuikanyaga wala kuuondoa.

Mwalimu akasema, hakuna. Akasema tena, hakuna tuzo, sijawahi kupewa. Akasema kwa hiyo kitambaa hiki hakiwezi kutundikwa, kina kosa, na anawashukuru, na wafungue madaftari. Akafundisha mpaka saa mbili na nusu. Sauti yake haikubadilika. Aliposhuka alikunywa chai yake, vijiko vinne, akazungumza habari za mvua.

Mimi sikujua kwamba kitu kitatokea baada ya hapo. Nilitaka tu achomwe kidogo. Lakini Wachina wale walikuwa wamemwaibisha mwalimu wao mbele ya watu, na kwao hilo si jambo la kuomba radhi ukaendelea. Hawakumdharau. Waliona aibu kwa ajili yake na kwa ajili yao, na hawakuweza kumtazama usoni. Jumanne iliyofuata walikuja saba. Mmoja ana mzigo bandarini, mwingine tumbo. Wakaja wanne. Mama Lin mwenyewe alikuwa anajificha nyuma ya mablanketi Mwalimu akipita, na niliwahi kumkuta analia huko. Kabla baridi haijaisha, mlango mweusi uliegemezwa ukutani, na marobota yakapangwa mbele yake.

Mwalimu akapata kazi Randburg, kumtunza bibi kizee mmoja katika fleti. Alikuwa akipita kwangu Jumamosi, chai, sukari, Kiswahili changu kinarekebishwa. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna wa kulaumiwa ambaye mtu angeweza kumtaja. Nilikuwa mimi tu, na mimi nilikuwa nammiminia chai.

Miaka miwili nilikaa hivyo. Mara nyingi nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza na mate. Kanisani kwetu tunaungama kwa Mungu, na Mungu nilimwambia yote, lakini Mungu hakuwa yeye aliyesimama mbele ya kile kitambaa.

Kisha akaacha kuja. Nikasikia miguu imevimba, hata Randburg haendi. Jumapili moja nilitoka kanisani nikavuka barabara na gauni langu la ibada, nikapanda kwake.

Alikuwa kitandani, mguu mmoja juu ya mto, kanga mapajani. Chumba kilinukia udi na dawa ya kuchua. Aliniona akageuza kichwa.

"Fundi. Umekuja kunipima sanda?"

"Sanda haina vipimo, Mwalimu."

"Basi kaa. Si hapo, hapo pana vitabu."

Nilikaa chini, kwenye mkeka, kwa sababu kwenye kiti nisingeweza kusema. Nikamwuliza hali, akanijibu. Kisha nikasema:

"Mwalimu, lile swali la Mama Lin. La tuzo. Ni mimi nilimpa."

"Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza tangu lini.

"Siku ileile. Nilimwuliza Mama Lin hayo ameyatoa wapi. Yule hajui kuficha. Akanionyesha chini ya ngazi, kwa kidole."

Nilianza kuhesabu. Jumamosi zote zile. Vikombe vyote vile. Nikamwuliza, kwa nini hukusema?

"Ningesema ungeomba radhi," akasema. "Ungeomba radhi, ingenibidi nikusamehe. Sikuwa tayari. Na chai yako niliipenda."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatazama dari. Akasema kwamba swali lenyewe lilikuwa la haki, ndiyo maana hakupata pa kulijibia. Kule kwao, alisema, kila mwaka kulikuwa na sherehe ya kumtuza mwalimu bora, na kila mwaka yeye aliwekwa kwenye kamati ya chai. Alimenya viazi vya watu wote waliotuzwa. Alipoona kitambaa kile chekundu, kwa muda mfupi, alisahau kanuni yake mwenyewe. Alikuwa amekwisha kuchagua ukuta.

Sikuweza kuinua uso.

"Ila nina jambo nimekaa nalo miaka miwili," akasema. "Nijibu kweli, maana wewe husemi uongo. Ulinidharau? Ulikuwa unakaa pale chini ukinisikiliza, ukisema moyoni, huyu tapeli wa Tanga na mlango wake?"

"Hapana, Mwalimu. Hata siku moja."

"Basi nini?"

Neno hili ni fupi, na kulitamka kulinichukua muda mrefu kuliko kushona pindo lile la manjano.

"Wivu."

Akageuka, kwa shida, mpaka akanitazama sawasawa.

"Wivu tu?"

"Wivu tu. Tangu ulipokuja."

Alivuta kanga mpaka kifuani akailaza vizuri, akaitengeneza pindo, kama mtu aliyetajwa jina lake katikati ya watu na hataki aonekane amefurahi.

"Alhamdulillahi," akasema polepole. "Na mimi nilidhani ni dharau."

Neno la msamaha hakulisema siku ile, wala mimi sikulidai. Badala yake aliniuliza nilimwonea wivu wa nini. Nikasema wa kila kitu. Akasema kila kitu si jibu, mwanafunzi akijibu hivyo anakaa chini, nami tayari nilikuwa chini, kwa hiyo nitaje. Basi nikataja. Nilitaja walivyosimama akiingia. Nilitaja alivyoitwa madam dirishani. Nilitaja Mama Lin kupanda ngazi akaniacha na sindano zangu. Alisikiliza amefumba macho, na nilipotua alisema, endelea. Nikataja anavyofunga mtandio kwa mkono mmoja huku anazungumza. Nikataja anavyotembea kwenye mvua bila kuongeza mwendo.

"Hata hilo?"

"Hata hilo."

Jua lilikwisha kutoka kwenye ukuta wake. Nikamwambia nimemaliza, hakuna kingine.

"Hujamaliza," akasema. "Mtu wa Uvira ana wivu zaidi ya huo. Fikiri."

Nikafikiri. Na kweli kilikuwepo kingine, kidogo sana, nilichokuwa naona haya hata kwa nafsi yangu. Nikamwambia: unavyomenya chungwa. Ganda moja, refu, halikatiki mpaka mwisho. Nimejaribu nyumbani peke yangu mara nyingi, linakatika.

Akafumbua macho.

"Chungwa nalo, Fundi?"

"Chungwa nalo."

Akayafumba tena, akaweka mikono yote miwili juu ya kanga, akaniambia niendelee.